Kalio la upande mmoja kuuma si lazima iwe UTI

Dada wa Tandahimba, umesema kalio la kulia linakuuma tangu msimu wa korosho uanze, la kushoto halina neno, na dukani wamekupa dawa za UTI. Pole sana. Mimi naokota korosho huku Newala na haya yamenipata, kwa hiyo nisome vizuri.

Maumivu yangu hayakukaa kwenye kalio. Yalishuka nyuma ya paja, yakapita pembeni ya kigimbi mpaka dole gumba la mguu, likawa na ganzi. Nikipiga chafya yananichoma hadi chini. Daktari alinilaza chali akanyanyua mguu ukiwa umenyooka. Haujafika mbali nikapiga kelele. Akasema kalio lenyewe halina ugonjwa: diski, ile nyama laini iliyo kati ya pingili za kiuno, imetokeza na kugusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Kuinama kutwa na kunyanyua magunia kunaweza kuchangia.

Lako linaweza kuwa jingine. Mama mkwe wangu anabangua korosho amekaa chini. Lake linauma palepale kwenye mfupa wa kukalia, akisimama anapata nafuu. Kwa dereva wa bodaboda, msuli wa ndani ya kalio hukaza ukaubana mshipa uleule. Likiuma juu, karibu na kiuno, hasa kwa aliyejifungua karibuni, mara nyingi ni kiungo cha nyonga na uti wa mgongo. Yakija mbele kinenani, huenda ni nyonga yenyewe, na mwenye selimundu (sikoseli) asilipuuze kabisa. Ukiona malengelenge upande huo, fikiria mkanda wa jeshi.

Nakuomba sana dada, usikubali mtu wa dukani akuchome sindano ya maumivu kwenye kalio hilo. Mshipa mkubwa wa fahamu unapita humohumo. Kijijini kwetu kuna kijana anaburuta mguu tangu alipochomwa kwinini utotoni.

Usilale kitandani kutwa pia. Tembea kidogokidogo, gunia mwachie mwingine. Mimi nafuu ilikuja taratibu, kwa mazoezi niliyoelekezwa hospitali.

Ila ukishindwa kuzuia mkojo au haja, ukapata ganzi sehemu za siri, au mguu ukalegea, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Homa za jioni na kukonda nazo zisisubiri, TB hushika hata uti wa mgongo.

Sasa tuambie, maumivu yako yanaishia wapi? Na nafuu unaipata ukikaa au ukisimama?