Rimu Kubwa Zimeshafungwa, Upepo Ujaze Kiasi Gani?

Ukifunga rimu za 17 kwenye gari lililokuja na 15, kijana wa upepo pale sheli atakuuliza lilelile: "Bosi, niweke arobaini?" Wengi huitikia tu. Mimi nakushauri ufungue kwanza mlango wa dereva.

Kwenye nguzo ya mlango kuna stika. Magari yetu haya ya Japani huandikwa upepo kwa kipimo cha kPa, pamoja na saizi ya tairi la asili. Gawanya kwa 6.9 upate psi, kipimo anachokitumia kijana wa sheli. 220 ni kama 32. Namba hiyo ilipangwa kwa kuangalia uzito wa gari na tairi lililokusudiwa kuubeba, na uzito huo unabaki palepale hata ukibadilisha rimu. Basi anzia hapo. Ile 44 au 51 iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe. Haijui kama limefungwa kwenye Toyota Wish au kwenye Noah.

Sasa soma tairi jipya, na hapa usiwe na haraka. Wish nyingi zilikuja na 195/65R15 91. Hiyo 91 ya mwisho ni uwezo wa kubeba: kilo 615 kwa tairi moja. Dukani utapewa 215/45R17, pana, linang'aa, na ukisogeza jicho utakuta 87. Maana yake kilo 545. Umepoteza kilo 70 kila kona, kwenye gari la watu saba ambalo Desemba linapanda mkoani na mizigo hadi darini. Hapo hakuna upepo utakaokuokoa. Lirudishe, tafuta lenye 91 au zaidi.

Ukipata 91 ya kawaida, upepo wa stika unatosha. Ila ukiona herufi XL, yaani tairi lililoimarishwa kubeba uzito zaidi, mambo yanabadilika, na mafundi wengi hawakuambii. Tairi la XL hufikisha uwezo wake likiwa na 290 kPa, wakati la kawaida hufikisha likiwa na 250. Kwa hiyo XL ya 91 ikijazwa 32 inabeba pungufu ya tairi ulilolitoa, ingawa namba ni moja. Mimi nimefunga XL, na stika yangu inasema 220, kwa hiyo natembea na 37. Nikijaza abiria na mizigo naongeza mbili nyuma. Arobaini ya kijana wa sheli haiko mbali sana, lakini ukiwa peke yako gari linadunda kwenye kila kiraka cha lami, na breki kwenye mvua hazikupi raha.

Upungufu wa upepo ndio unaoniogopesha zaidi. Ubavu wa tairi la asili una kimo cha milimita 127 hivi. Wa 215/45 hauzidi 97. Ukiingia shimo la njia ya Morogoro na psi 28, mdomo wa rimu unabana tairi moja kwa moja kwenye ukingo wa shimo. Utaona kivimbe kama yai ubavuni, maana nyuzi za ndani zimeshakatika. Hilo halizibwi.

Pima asubuhi kabla gari halijatoka. Ukipima Kibaha baada ya foleni na jua, geji itasoma 41 kwenye tairi lililoanza na 37, na ukipunguza hapo, kesho yake utakuta pungufu. Nunua geji yako mwenyewe. Za sheli nyingine zimeanguka chini mara zisizohesabika.

Kama bado una wasiwasi, tumia chaki. Chora mstari mnene kukatisha uso wa tairi, endesha taratibu mita chache mahali palipo sawa, kisha shuka uangalie. Ikifutika katikati tu, punguza kidogo. Ikifutika kingoni na kubaki katikati, ongeza. Badilisha psi moja moja, na kila tairi lichore lenyewe, kwa sababu mbele kuna injini.

Na tairi la spea usilisahau huko nyuma. Kama ni lile jembamba la dharura, lenyewe linataka 420 kPa, yaani 60 psi, na mwendo usizidi 80.