Kabla ya PBZ pesa zilikuwa zinawekwa wapi?

SWALI: Assalaam alaykum mhariri, mie msomaji wenu wa Wete. Hapa barazani tunabishana, wengine wanasema PBZ (Benki ya Watu wa Zanzibar) ndo benki ya mwanzo Zanzibar, mzee wetu mmoja anakataa, ati zamani mjini kulikuwa na benki za Wahindi na Waingereza. Lipi kweli? Na kuna majengo yake mtu anaweza kwenda kuyaona? Halafu nna noti ya rupia ya marehemu babu, bado inabadilishwa?

JIBU: Waalaykum salaam. Mzee wenu yuko sawa kabisa, mpeni haki yake. PBZ imeanza 1966, baada ya Mapinduzi, hiyo ndo ya mwanzo ya serikali yetu. Lakini Jetha Lila, benki ndogo ya familia ya Kihindi, ilikuwepo Mji Mkongwe tangu 1880, halafu National Bank of India ya Waingereza ikafungua Unguja 1892.

Ila ukitaka kujua khasa pesa zilikaa wapi, anza Forodhani. Karne ya 19 Sultani alikuwa anakodisha forodha, na waliokodi miaka mingi ni kampuni ya Kihindi ya Jairam Shivji, wanamlipa kitita cha mwaka kisha ushuru wanakusanya wenyewe, kwa hiyo fedha yote ya bandarini inapita kwao na wafanyabiashara hata wageni wakawa wanaweka hesabu zao hapo. Na walikuwa na sababu. Riyali ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, ile iliyoandikwa 1780 hata kama imepigwa juzi, moja tu ni gramu 28, sasa riyali elfu ni kilo 28, nani atazunguka nazo vichochoroni? Bora karani aandike kwenye daftari, huyu katoa, yule kapokea, biashara imekwisha.

Aliyekuja kuikodi forodha baadaye ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, huyu ndo alomkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, mali za misafara ya bara, na tuseme ukweli bila kuficha, misafara ile ilileta pembe na ilileta watumwa pia, kwa hiyo utajiri ule una machozi ya watu ndani yake. Jengo la Tharia lipo Mizingani, lile la balkoni za mbao zilizochongwa na vioo vya rangi, lilianza 1887, yeye akafariki 1891 halijamalizika. Si benki lile, alikusudia hospitali, na baadae kweli likawa zahanati. Lakini mie kila nikipita naona faida ya mikopo imesimama pale, na nafurahi mno kwamba lilitengenezwa miaka ya 90 maana lilikuwa linakwisha. Nyumba ya forodha ya zamani nayo ipo, kwa miaka mingi wamesomesha muziki humo, nenda ukasimame mlangoni.

Sasa noti yako. Rupia za Zanzibar zilitolewa na serikali kuanzia 1908, zina picha ya jahazi na wachumaji karafuu, na 1936 tukaingia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Benki haikubadilishii leo, lakini usiitupe tafadhali, ni adimu kweli kweli! Usiipige pasi, usiigandishe gundi wala usiitie plastiki ya moto, iweke kwenye bahasha kavu, na ukivuka Unguja ipeleke Nyaraka za Taifa, panapohifadhiwa hati za zamani, pale Kilimani waitazame kabla hujamuuzia mtu yeyote.