Beki kavunja mguu, kapewa njano, na fainali kacheza

*Swali:* Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu ni winga. Mwezi uliopita alivunjwa ugoko kwenye nusu fainali ya ndondo, haya makombe ya mitaani, huku kwetu Tandahimba. Beki alimrukia na miguu yote miwili, mpira ukiwa umeshapita. Refa akatoa kadi ya njano. Tulipoifuata kamati ya mashindano tukaambiwa refa ndiye mwamuzi wa mwisho. Siku tatu baadaye beki yuleyule akacheza fainali na timu yake ikaondoka na ng'ombe wa zawadi. Mdogo wangu yuko kitandani na hogo mpaka pajani, na vijana wetu wanasema beki huyo watamalizana naye msimu ujao. Je, soka linaziadhibu rafu za namna hii inavyostahili? Na kwa nini aliyevunja asifungiwe mpaka aliyevunjwa arudi uwanjani?

*Jibu:* Marahaba, na mpe pole mgonjwa. Nimepuliza filimbi miaka mingi kwenye viwanja vya mkoa huu, kuanzia vile vya mchanga ambavyo mistari yake huchorwa kwa majivu hadi uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara, na siku hizi kazi yangu ni kukaa jukwaani na kalamu nikiwatathmini wenzangu. Kwa hiyo nakujibu kama refa. Jibu la kwanza huenda lisikupendeze: sheria haiuangalii mguu uliovunjika.

Isome Sheria ya 12 ya soka, ile ya madhambi na utovu wa nidhamu, mwanzo hadi mwisho. Hutaona mahali inaposema adhabu iongezwe kwa kuwa mtu kaumia. Kinachopimwa ni kitendo, na kipimo kina ngazi tatu. Ukimchezea mwenzako bila uangalifu, yaani umechelewa kidogo tu ukamgonga, hiyo ni faulo na kadi haipo. Ukicheza bila kujali kwamba unaweza kumwumiza, ni njano. Ukitumia nguvu kupita kiasi, au ukahatarisha usalama wake, ni nyekundu, na hapo refa hana hiari. Sheria imefafanua kabisa kwamba anayejirusha kwa mpinzani, kutoka mbele, ubavuni au nyuma, kwa mguu mmoja au miwili, kwa nguvu iliyopita kiasi au kwa namna ya kuhatarisha usalama wake, anatoka nje.

Ugomvi wetu wote unakaa kati ya ngazi ya pili na ya tatu. Refa ana sekunde moja ya kuamua. Vijana ninaowafundisha nawaambia wasiangalie anayelia, waangalie mguu wa anayekuja. Goti limekunjwa au limenyooka kama mti wa mwavuli? Soli ya njumu inaonekana? Mguu mwingine uko chini au mwili mzima uko hewani? Aliyeruka na miguu yote miwili hawezi tena kujizuia wala kugeuka, ni gunia lililotupwa kutoka kwenye lori. Halafu ule wimbo wa mabeki, "Refa, nimecheza mpira!" Mpira unaweza ukaguswa kwanza na kadi nyekundu ikatoka vilevile, kama kilichofuata baada ya mpira ni ugoko wa mtu.

Kwa maelezo yako, miguu miwili na mpira umeshapita, ile ilikuwa nyekundu. Nasema kwa maelezo yako maana nimesikia upande mmoja.

Sasa hilo la kumfungia mtu mpaka mwenzake apone. Nimelisikia kwenye vijiwe vya kahawa tangu nikiwa mshika kibendera, na naelewa linakotoka. Lakini chukua matukio mawili. Tarehe 11 Julai 2010, fainali ya Kombe la Dunia pale Johannesburg, Nigel de Jong wa Uholanzi alimpandishia Xabi Alonso wa Hispania njumu kifuani. Kifuani! Alonso akagaagaa, akainuka, akaendelea kucheza. Refa Howard Webb akatoa njano. Tarehe 3 Novemba 2019, Son Heung-min wa Tottenham alimkata André Gomes wa Everton kwa nyuma, rafu ya kawaida ya kuzuia mbio. Gomes akayumba, akagongana na beki mwingine wa Tottenham, kifundo kikageuka upande usiokuwa wake. Refa alikuwa ameshashika kadi ya njano. Alipouona mguu, akaibadilisha kuwa nyekundu. Baadaye, Tottenham walipokata rufaa, kadi ile ikafutwa, na mimi naona walioifuta walikuwa sahihi.

Ukihukumu kwa mfupa, Son anakaa nje miezi na De Jong anakwenda zake nyumbani, ilhali ukiniuliza ni yupi kati yao aliyecheza kama mtu wa kuogopwa, sihitaji kufikiri. Tena angalia kilichofuata. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wa 2010, haijapita hata miezi mitatu tangu Johannesburg, De Jong akiwa Manchester City alimvunja mguu Hatem Ben Arfa wa Newcastle. Kadi haikutoka. Aliyemwadhibu ni kocha wake wa timu ya taifa, Bert van Marwijk, aliyemwondoa kikosini. Onyo lilikuwa limeshatolewa pale kwenye kifua cha Alonso, ila kwa kuwa hakuna kilichovunjika, dunia ikacheka na kupita.

Kuna na shida ya utekelezaji. Eduardo wa Arsenal alivunjwa mguu na Martin Taylor wa Birmingham mwezi Februari 2008 akarudi baada ya kama mwaka mmoja. Harvey Elliott wa Liverpool aliumizwa kifundo na Pascal Struijk wa Leeds Septemba 2021, Februari iliyofuata alikuwa uwanjani na goli kafunga. Wote wawili waliowaumiza walikosa mechi 3. Kwa kanuni yako, wa kwanza angekaa mwaka, wa pili miezi mitano, na tofauti hiyo wangeiamua daktari na damu ya mgonjwa badala ya rafu yenyewe. Na huku kwetu, nakuapia, kocha angemwambia majeruhi wake: wewe endelea kuchechemea mpaka straika wao akose ligi nzima.

Lakini usidhani natetea mechi 3. Hapo ndipo nakubaliana nawe, adhabu ni ndogo, ila udogo wake hauko pale watu wengi wanapoutafuta. Kanuni za nidhamu za FIFA zinasema anayetolewa kwa rafu mbaya akose angalau mechi 2. Neno ni "angalau". Hicho ni kiwango cha chini, na kamati nyingi duniani zimekigeuza kuwa bei ya dukani: kadi nyekundu, haya, mechi kadhaa, anayefuata. Uingereza bei yao ni 3. Ryan Shawcross alipomvunja Aaron Ramsey mwaka 2010, mifupa yote miwili ya chini ya goti, alikosa mechi 3, sawasawa na aliyemzaba mwenzake kofi. Kumbe kupima kitendo kwa uzito wake kunawezekana. Ubelgiji mwaka 2009 Axel Witsel alimkanyaga Marcin Wasilewski mguu ukavunjika, akafungiwa mechi 10, rufaa ikapunguza zikawa 8. Ligi ya Marekani mwaka 2011 ilimpa Brian Mullan mechi 10 na faini ya dola 5,000 kwa kumvunja Steve Zakuani. Sikubaliani na kila hesabu ya hapo, hasa nikishuku kwamba picha ya mguu ilisaidia kuzipandisha. Ila angalau kamati zile zilikaa zikatafakari.

Wazee wetu hupenda kusema soka la zamani lilikuwa la wanaume. Kwenye Kombe la Dunia la 1966 Pelé alipigwa mateke na Wareno hadi akawa anatembea kwa kuchechemea, na aliyempiga hakutolewa. Kadi zenyewe zilianza Kombe la Dunia la 1970. Rafu ya nyuma inayohatarisha usalama imewekewa nyekundu ya wazi mwaka 1998, wakati Marco van Basten, mshambuliaji wa Uholanzi, alikuwa ameshastaafu miaka mitatu nyuma akiwa na miaka 30 tu, kifundo kimekwisha. Sheria imekuwa ikikaza, haikulegea.

Tuje Tandahimba, maana huko ndiko mguu ulikovunjikia.

Ndondo zetu zina ugonjwa wao ambao hata kamati bora ya Ulaya isingeuponya: adhabu hufa pamoja na kombe. Fedha za korosho zikiingia, kuanzia Oktoba, kila kata ina kombe lake, huyu katoa mbuzi, yule katoa ng'ombe, diwani katoa jezi. Mchezaji akilimwa nyekundu kwenye nusu fainali, mechi iliyobaki ni moja. Zile nyingine atazikosa wapi? Wiki inayofuata kavuka kwenda kombe la kata jirani, jina hilohilo, njumu hizohizo, na mwandaaji wa huko hana habari. Hakuna daftari linalosafiri na mchezaji. Ungeandika kwenye kanuni mechi 20, zingekuwa 20 za karatasi.

Halafu kuna refa mwenyewe. Nitasema la kwangu. Niliwahi kutoa njano kwenye mechi moja ya kijijini, na hadi leo najua ilikuwa nyekundu. Mchezaji alikuwa kipenzi cha wenyeji, watazamaji wamesimama juu ya mstari kabisa, na mimi nilikuwa nawaza barabara ya kurudi na bodaboda aliyenileta ambaye naye alikuwa shabiki wao. Aliyenilipa posho alikuwa mwandaaji, ambaye timu yake ilikuwa inacheza. Simtetei refa wenu. Nakueleza tu kwamba njano kama ile wakati mwingine haitokani na kutojua sheria.

Kamati waliokwambia refa ni wa mwisho wamekupa nusu ya ukweli. Sheria ya 5 inasema uamuzi wa refa kuhusu mambo ya mchezo hauguswi, kwa hiyo matokeo ya nusu fainali yamekwisha. Nidhamu ya mchezaji ni faili jingine. Mwaka 2006 Ben Thatcher wa Manchester City alimpiga Pedro Mendes kiwiko mpaka akazimia, refa akatoa njano, na bado chama cha soka cha Uingereza kikamfungia mechi 8. Kwetu Ligi Kuu ina kamati ambayo mashabiki wanaiita ya saa 72, inapitia ripoti za mechi na kutoa adhabu baada ya mechi kwisha. Ndondo nayo inaweza kuwa na kifungu cha namna hiyo, mradi kiandikwe na kusomwa kwa viongozi wa timu kabla ya filimbi ya kwanza. Kombe likishaanza mmechelewa.

Kwa sasa andika barua kwa waandaaji, nakala chama cha soka cha wilaya. Omba ripoti ya refa ya mechi ile. Kama hakuandika, na kwenye ndondo wengi hawaandiki, basi hilo ndilo lalamiko lako la kwanza, maana bila ripoti hata kamati yenye nia njema haina pa kushika. Ambatisha video kama kuna aliyerekodi kwa simu, lakini iwe nzima, tangu beki anapoanza kukimbia, isiwe kipande cha mguu ukining'inia. Omba jina la beki lifike kwa waandaaji wa makombe mengine ya wilaya. Na gharama za matibabu ziulizie kwa maandishi. Mimi si mwanasheria, lakini najua mwaka 1985 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilimtaka mchezaji wa ligi ndogo ya mitaani, watu wasiolipwa kama hao wenu, amlipe mpinzani aliyevunjwa naye mguu pauni 4,900. Hapa kwetu itakavyokuwa, mwulize mtu wa msaada wa kisheria.

Hao vijana wanaomsubiri beki msimu ujao waambie habari za Roy Keane wa Manchester United. Alimchezea vibaya Alf-Inge Håland wa Manchester City mwaka 2001, akakosa mechi 3. Mwaka uliofuata, alipokuja kuyasema mwenyewe hadharani kwamba kisasi kilikuwamo, akaongezewa mechi 5 na faini ya pauni 150,000. Kamati ikishajua ulikusudia, hesabu inabadilika, na ninyi mmeshatangaza kusudio lenu mapema hadi mimi niliye mbali nimelisikia.

Jambo moja hukulitaja. Je, mdogo wako alikuwa amevaa vilinda ugoko? Sheria ya 4 inavilazimisha, na refa anatakiwa kuvikagua kabla ya mechi, ingawa kwenye ndondo nimeona vijana wakivaa vipande vya boksi na wengine soksi tupu. Havizuii kila mvunjiko. Lakini kama hakuwa navyo, liandike hilo kwenye barua wewe mwenyewe, na uandike pia kwamba refa alimruhusu aingie hivyo, kabla kamati haijalitumia kukunyamazisha.