Kuwashukuru wafanyakazi bila hela: tulichokiona kwenye chai Mufindi na mbao Mafinga

Mkuu, swali lako nimelielewa. Una watu tisa kwenye kiwanda cha mbao Makambako, mvua zimeharibu njia za msituni, magogo hayafiki, hela ya bonasi haipo, na unaogopa watu wazuri watakuhama kabla hali haijatengemaa. Unataka wajue unawathamini wakati mfukoni pamekauka. Nimesimamia watu kwenye mashamba ya chai Mufindi, na sasa niko kwenye mbao hapa Mafinga, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza mshahara. Ukichelewa bila maelezo, asante yako yote itasikika kama tusi. Kama unajua Ijumaa hela haitakuwepo, waambie Jumatano, taja itaingia lini, na siku hiyo iingie kweli. Likizo nayo hivyohivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, mama siku 84 za uzazi (100 akijifungua mapacha), na angalau siku 4 zenye malipo akifiwa na mzazi, mwenzi au mtoto. Hizo ni haki zake. Nimewaona mabosi wanaotoa ruhusa ya msiba kwa sura ya mtu anayetoa sadaka, halafu wanashangaa kwa nini hakuna anayewapenda.

Hayo yakikaa sawa, sasa shukuru. Na ukishukuru, taja kitu chenyewe. "Asanteni kwa kazi nzuri" haimgusi mtu, kwa sababu anajua ungeiambia hata timu iliyolala siku nzima. Nikupe mfano wa kwetu. Tuna kijana anayepanga mbao. Kazi yake inaonekana ndogo kuliko zote kiwandani: opareta wa mashine ndiye anayesifiwa, yeye anaitwa kibarua. Lakini wewe unajua mbao mbichi ya paini ikilazwa juu ya mwenzake bila vijiti katikati, hasa kipindi hiki cha mvua, inaota madoa ya bluu ndani ya siku chache, na mteja anashusha bei papo hapo. Vijiti visipolingana juu hadi chini, mbao inapinda. Yule kijana anavipanga mstari mmoja, kama aliyepima kwa kamba. Siku moja mteja alikuja kuchukua mzigo, akangoja mrundo mmoja upakuliwe hadi chini, akainua mbao ya chini kabisa, akafunga jicho moja kuitazama urefu wote, imenyooka. Akaanza kunisifia mimi. Nikamwita kijana, nikamwambia mteja mbele yake: huyu ndiye aliyepanga, na hiyo ya chini ndiyo inayobeba uzito wote, vijiti visingelingana ingekuwa ya kwanza kupinda. Mteja akamshika mkono, akamuuliza maswali ya kazi, naye akajibu kama fundi. Tangu hapo anawafundisha wageni kupanga bila kuagizwa na mtu.

Unaona hapo? Ili umsifie hivyo, lazima uijue kazi yake. Bosi anayekaa ofisini na daftari la mauzo hawezi. Pita asubuhi, pita mchana, uliza kwa nini anafanya hivi na si vile. Na kabla ya maswali, salamu. Kama mlinzi wako ni mtu mzima wa kumzaa baba yako, mpe shikamoo yake hata kama wewe ndiye unayemlipa. Kwa huku kwetu hilo halina mjadala, na vijana wanatazama unavyowatendea wazee ndipo wanajua na wao utawatendeaje.

Jambo la pili, mawazo ya watu yaende na majina yao. Fundi wetu wa kunoa misumeno alilalamika muda mrefu kwamba magogo yanayoburutwa kwenye tope yanaingia mashineni na mchanga kwenye magome, na mchanga ndio unaomaliza meno. Akashauri yapanguswe tope kabla ya kupasuliwa. Tukafanya hivyo, na misumeno ikaanza kukaa na makali muda mrefu zaidi. Tajiri alipokuja akauliza kulikoni, nikamwambia wazo ni la fundi, nikamwita aeleze mwenyewe. Ningeweza kusema "tumeboresha" na maneno yakapita. Lakini mtu akishaibiwa wazo mara moja, la pili analala nalo kifuani, na hasara ni ya kiwanda.

Hilo la kumchagua mfanyakazi bora wa mwezi na kubandika picha yake, kwa watu tisa mimi silishauri. Maofisi makubwa yanayotoa zawadi hizo Mei Mosi yana mamia ya watu na yana utaratibu wao. Ninyi tisa mnakula ugali pamoja. Ukimpandisha mmoja, wanane wanaanza kuhesabu nani ni ndugu yako.

Kitu ambacho watu wa huku wanakithamini kuliko soda na sambusa ni muda. Wafanyakazi wako karibu wote wana mashamba. Mvua za kwanza zikishuka, mwezi wa 11 kuelekea wa 12, kila mmoja akili yake iko kwenye mahindi, na akikosa wiki ile ya kupanda, njaa ya mwaka mzima inamsubiri. Kaa nao mapema, mpangiane zamu: huyu aingie saa 4 wiki hii akitoka shamba, wiki ijayo amfidie mwenzake. Wewe si unasema magogo hayafiki? Basi huu ndio wakati wenyewe. Saa ambazo wangekaa wanaangalia mashine imezimwa, waende wakapande, na mshahara wao usiuguse. Nakuhakikishia hilo litasimuliwa majumbani mwao. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ikikaza, wape muda hivyohivyo kwa upande wa asubuhi, waanze kazi kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu vidole vilivyoganda mbele ya msumeno ni hatari.

Msiba usikose. Kama uko karibu, nenda mwenyewe, kaa na wanaume wenzako kwenye mabenchi, usiwe wa kusaini daftari la rambirambi na kuondoka. Bahasha hata iwe nyembamba, watakumbuka ulikaa.

Mabanzi, yale mabaki ya pembeni ya gogo lililopasuliwa, ukiona unaweza kuwapa kwa ajili ya kuni, wape kwa zamu na kwa maandishi, kila mmoja na karatasi yake ya kuonyesha getini. Ukiwapa kienyeji, kesho mlinzi atamsimamisha mmoja barabarani kama mwizi, na wema wako utakuwa umemdhalilisha.

La mwisho ni barua, na hii naiona watu wengi wanaidharau. Karatasi moja yenye muhuri wa kiwanda, nakala moja kwenye faili, nakala moja mkononi mwake. Usiandike "ni mchapakazi na mwaminifu" ukaishia hapo. Andika anachokijua: anaseti mashine, ananoa msumeno, anapanga mbao za kukauka, anasoma oda na kukata kwa vipimo, tangu mwaka fulani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunza kazi kwa mikono bila kukaa darasani, na siku akiamua kwenda huko, barua inayoeleza ujuzi wake itamsaidia kujieleza. Hata akienda kuomba mkopo kwenye SACCOS, ana kitu cha kuonyesha. Najua unawaza kwamba ukimpa barua nzuri ataitumia kuhamia kwa jirani. Kwa niliyoyaona, anayehama ni yule anayehisi hakuna aliyemwona.

Umeuliza pia kama uitishe kikao uwatangazie mabadiliko. Usiitishe. Jumatatu anza na mtu mmoja, yule ambaye kazi yake haitajwi kabisa. Barua zianze wiki hiyohiyo, na ukikwama kwenye maneno, niandikie hapa kila mmoja anafanya nini, nitakusaidia kuzitunga.