Kwa nini 2021 Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa ya wazee) ilimlipia mama kituo cha uuguzi, na sasa inakataa?

Dada, mama yako hakuonewa na karani. Ile 2021 ilikuwa ruhusa ya dharura ya Korona. Kanuni ya kawaida ya Medicare Marekani ni kwamba, ili ilipie kituo cha uuguzi cha kupona baada ya hospitali, mgonjwa awe amelazwa siku 3 mfululizo, na siku ya kutoka haihesabiwi. Machi 2020 sharti hilo lililegezwa, hospitali zipate vitanda. Likarudi dharura ilipokwisha, tarehe 11 Mei 2023. Aliyeingia kituoni kabla ya hapo aliendelea kulipiwa, mradi siku zake za kulipiwa hazijaisha.

Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Mtu anaweza kulala wodini usiku 3, na drip mkononi, kumbe kwenye karatasi ameandikwa yuko "chini ya uangalizi" tu, hajalazwa. Siku hizo hazihesabiwi hata moja. (Nani angejua? Kitanda ni kilekile!) Kwa hiyo muulize daktari mapema, mgonjwa angali hospitali: mama amelazwa rasmi, au anaangaliwa tu?

Kama ana Medicare Advantage, ile ya kampuni binafsi, wapigie simu. Nyingi hazidai siku 3, ila hutaka kibali kwanza.

Na mkikubaliwa, kwa Medicare ya kawaida siku 20 za mwanzo kituoni hulipiwa zote. 21 hadi 100 mnachangia.