Wasomaji Wanauliza: Baiskeli katika Milima na Mabonde ya Nyanda za Juu Kusini

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, na kila Jumapili huendesha baiskeli na wenzangu kutoka Tegeta hadi Bagamoyo na kurudi bila kuchoka sana. Mwezi wa saba nitakuja Mbeya kwenye harusi ya mdogo wangu, na ningependa kuondoka Uyole alfajiri, nipite Tukuyu na kulala Kyela siku hiyohiyo. Ramani ya kwenye simu inaonyesha safari isiyofika kilomita 120. Je, inawezekana?
*Msomaji wa Tegeta*

JIBU: Inawezekana, ndugu yangu, lakini safari hii ukiihesabu kwa kilomita utakuwa umeipima kwa kipimo kisichoifaa. Barabara ya Bagamoyo haiendi mbali na usawa wa bahari, ilhali jiji la Mbeya liko mita zipatazo 1,700 juu, na ukishaiacha Uyole unaanza mara moja kuipanda safu ya Uporoto. Penye mashamba ya viazi ya Isyonje utakuwa umevuka mita 2,000. Kwenye kimo hicho kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile uliyoizoea pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo kuliko kawaida, na miguu isiyolalamika Bagamoyo itaanza kulalamika hapo. Ukiweza kufika Mbeya siku mbili tatu kabla ya kunyonga baiskeli, fanya hivyo, na shughuli za harusi hazitakosa kazi ya kukupa.

Kitu cha kukitazama kwenye ramani zako ni mito. Barabara inayoambaa na mgongo wa mlima inaweza kwenda mbali bila kukudai nguvu nyingi, lakini barabara inayokatiza mabonde ina deni kwenye kila daraja, kwa sababu mteremko wa upande huu unalipwa kwa mlima wa upande ule. Njia yako ina sehemu za namna zote mbili. Baada ya Isongole, ambako ndiko watu huanzia kwenda Ziwa Ngozi, utateremka kwa raha hadi Kiwira ukiwa na Mlima Rungwe upande wako wa kushoto, na kwa baridi na ukungu wa mwezi wa saba unaweza usiuone kabisa. Pale Kiwira unavuka mto wenye jina hilohilo, kisha unaanza kuipanda Tukuyu. Mlima huo si mrefu kama ule wa Uporoto, ila unakukuta umeshaamini kwamba kazi imekwisha, na wageni wengi hushuka na kukokota baiskeli hapo. Kula kabla ya daraja, si baada yake, kwani ndizi za Kiwira ziko barabarani kwa mikungu na hakuna sababu ya kuupanda mlima ukiwa na njaa.

Kutoka Tukuyu kwenda Kyela utashuka takriban mita 1,000 katika umbali wa kama kilomita 50. Mashamba ya chai yanaiachia nafasi migomba, migomba inachanganyika na mikakao, na ukifika chini kabisa unakuta mpunga na joto la bonde la Ziwa Nyasa. Msomaji mwenye miguu mizuri atasema hiyo ni zawadi. Ushauri wangu ni kwamba sehemu hiyo usiifanye jioni. Barabara hii inabeba malori ya Malawi yanayopita mpaka wa Kasumulu, na pembezoni mwake wapo waendesha baiskeli wenyeji waliopakia mikungu ya ndizi nyuma na ubavuni hadi mwendeshaji mwenyewe haonekani vizuri. Mwangalie mmoja wao akiteremka: breki za vyuma zimechoka, kwa hiyo ananyoosha mguu na kukandamiza soli ya ndala juu ya tairi, na baiskeli inapungua mwendo polepole sana. Mtu huyo hawezi kusimama ghafla wala kukukwepa, na mwenye wajibu wa kumpisha ni wewe uliye mwepesi. Mwanga ukishapungua, yeye na lori na mtembea kwa miguu wote wanagombea ukanda uleule wa lami.

Kwa hiyo lala Tukuyu. Asubuhi, kama moyo unataka, nenda ukalitazame Daraja la Mungu, ule mwamba wa asili uliopita juu ya Mto Kiwira, lakini ujue kwamba njia ya kuliendea inateremka kuufuata mto, na maana yake ni kwamba kurudi barabara kuu ni kupanda. Usipopitia huko, Kyela utaifikia kabla jua halijawa kali. Kurudi Mbeya panda Kosta na baiskeli iwekwe juu ya keria. Kelele za kuifunga vizuri zipige mapema, kabla utingo hajaweka magunia.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwanafunzi, naishi Ipogolo, Iringa, na nina baiskeli ya gia niliyoinunua mtumbani. Ni njia gani nzuri ya nusu siku ambayo haitanimaliza nguvu wakati wa kurudi?
*Msomaji wa Ipogolo*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Wanaoishi mjini juu wana shida ambayo wewe huna: wao kila wakitoka wanaanza kwa kuteremka, na kila wakirudi wamechoka wanaukuta mlima unawasubiri nyumbani. Wewe uko chini, kando ya Ruaha Mdogo, kwa hiyo mlima wa kuingia mjini utaumaliza asubuhi ukiwa na nguvu. Ukishaufika mji, shika barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha hadi Kalenga, kilomita zipatazo 15, na hapo utaukuta tena mto uleule wa kwenu. Kalenga ndiyo iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hadi Wajerumani walipoivunja mwaka 1894, na makumbusho yake yanahifadhi fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954. Kutoka Kalenga hadi mjini kuna kupanda, sikufichi, lakini kilomita za mwisho za kurudi Ipogolo ni mteremko mtupu.

Isimila nako ni kuzuri kwa nguzo zake za udongo na zana za mawe za watu wa kale, ila iko kwenye barabara kuu ya Mbeya, na barabara hiyo ina malori usiku na mchana. Nenda asubuhi mapema, au uende na mwenzako. Na ukisikia vijana wanapanga kwenda kwenye mlima wa Kitonga kwa baiskeli ili wapige picha, usiwafuate. Kona zile ni nyembamba, malori yanapanda yakinguruma kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mengine yanashuka yakiwa yamepakia. Hakuna nafasi iliyobaki ya baiskeli.

SWALI: Nilipokuwa nateremka kurudi mjini Mbeya kutoka juu barabara ya Chunya, ringi zilishika moto kiasi cha kuniunguza kidole, na tyubu ya nyuma ikapasuka. Fundi anasema tyubu ilikuwa mbovu. Je, ni kweli?
*Mwalimu, Mbeya*

JIBU: Inawezekana tyubu ilikuwa na kasoro, Mwalimu, lakini mimi ningeanza na breki. Ukiwa wewe na baiskeli mna kilo 80, mkishuka mita 500 mnatoa nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Ukiacha baiskeli ikimbie, sehemu kubwa ya nishati hiyo inachukuliwa na upepo. Ukibana breki kidogokidogo kutoka juu hadi chini, ambavyo ndivyo waoga na waangalifu wote tunavyofanya, karibu yote inaingia kwenye ringi, na hewa ya ndani ya tairi inapata joto na kuongeza msukumo.

Dawa ni kukaa wima ili kifua kizuie upepo, kubana breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, kisha kuziachia kabisa ringi zipoe. Breki ya mbele usiiogope, kwani kwenye mteremko uzito umeegemea mbele na breki ya nyuma peke yake inaburuza tairi tu. Mwambie fundi akague pia mipira ya breki kama haijanasa vipande vya chuma vya ringi, maana hivyo hukwangua ringi hadi ikawa nyembamba. Na usishuke pale bila kusimama: pale juu wanapopaita Mwisho wa Dunia unaliona bonde lote la Usangu, na ringi zinapata nafasi ya kupumzika.

SWALI: Nataka kuzunguka Kitulo na Makete kwa baiskeli ili nione maua. Niende mwezi gani?
*Msomaji wa Makambako*

JIBU: Maua na barabara nzuri havikutani, na hapo itakubidi uchague. Maua ya Kitulo huchanua wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, na ndicho kipindi ambacho njia za udongo za kule juu huwa matope yanayoziba tairi na fremu hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Juni na Julai njia ni kavu, lakini uwanda ni wa nyasi zilizokauka na alfajiri kuna jalidi. Ukitaka maua, pitia Njombe, kwa kuwa barabara ya Njombe hadi Makete ina lami. Iache baiskeli Makete na uingie hifadhini kwa gari. Chukua tyubu mbili na pampu yako mwenyewe, hasa kama matairi yako ni membamba, kwani mafundi wa njia hiyo wanahudumia zaidi baiskeli za kubebea mizigo na saizi yako hawaihitaji.