Laini 4, simu 14, na lawama zote anabeba dada wa mapokezi

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko mapokezi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar. Tuna laini 4 za nje na simu za mezani 14, zote waya zake zinaenda kwenye boksi moja liko ukutani stoo. Shida ni tatu. Saa nne asubuhi watu wakibonyeza 9 watoke nje wanapata mlio wa bize, wanakuja kunifokea mimi, na bosi anasema ataongeza laini 10 yaishe. Pili, nikimhamishia mteja kwa mhasibu mara nyingi simu inakatika. Tatu, umeme ukikatika simu zote zinakufa isipokuwa ile ya stoo ambako hakai mtu. Naomba nieleweshe hilo boksi linafanyaje kazi, nimechoka kulaumiwa kwa kitu nisichokijua.
Dada wa Mapokezi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana, maana katika hayo matatu hakuna hata moja ambalo ni kosa lako.

Kwanza tofautisha simu na laini, hapo ndo ofisi nyingi zinapochanganya. Laini ni njia ya kutokea nje, waya mbili zinazotoka kwenye nguzo kule barabarani mpaka kwenye boksi lenu. Simu ya mezani yenyewe haina njia ya nje, ina waya zake mbili zinaishia kwenye boksi hilohilo, hiyo tunaita ekstensheni. Boksi ni PABX, yani mashine ya kuunganisha simu za ofisini zenyewe kwa zenyewe na kuzitoa nje. Ndani yake kuna kadi ya laini za nje, kadi za ekstensheni, prosesa ambayo ndo inaamua nani aunganishwe na nani, na pawa saplai. Pembeni utaona vipande vya plastiki vyenye meno ya chuma, mafundi tunaviita Krone, waya wa kila meza unagongelewa pale kwa jozi, nyeupe na bluu, nyeupe na chungwa, nyeupe na kijani, hivyohivyo mpaka mwisho.

Sasa mhasibu akinyanyua simu, waya zake mbili zinakutana, umeme kidogo unapita, kadi inahisi, prosesa inampa toni. Akipiga namba yako ya ndani boksi linakuletea umeme wa kuita, na huo sio mdogo kabisa, unaweza kukaribia volti 90. Mi niliwahi kushika hizo waya vidole vina jasho simu ikaita, niliruka nikadondosha koleo, kwaiyo usiruhusu mtu achokonoe pale hivihivi. Maongezi hayo yanaishia ndani ya boksi, hayagusi laini ya nje hata moja, ndo maana hayalipiwi. Akibonyeza 9 ndo boksi linaanza kutafuta kati ya laini 4 ipi iko wazi, zikiwa zote zimeshikwa linampa bize hata kama simu za wenzake 9 zimelala tu mezani.

Je mnunue 10? Hapana, mwambie bosi apige hesabu kwanza. Hesabu hii aliifanyia kazi Agner Krarup Erlang, Mdenmaki wa kampuni ya simu ya Copenhagen, na mwaka 1909 akaanza kuchapisha matokeo yake. Chukua lile saa lenu lenye presha kubwa. Tuseme zinapita simu 30 za nje, kuingia na kutoka, kila moja dakika 4, jumla dakika 120, yani ni sawa na laini 2 zinaongea saa zima bila kupumzika. Ukiwa na laini 4, karibu simu 1 kati ya 10 itakutana na bize. Ukiwa na 6, inashuka mpaka kama 1 kati ya 80 hivi. Laini 2 tu ndo zimefanya hivyo! Kaa na daftari wiki moja, andika simu za saa nne mpaka saa tano na dakika zake, umpelekee bosi karatasi, hapo hatakuwa na la kubisha.

Hii ya kukatika wakati wa kuhamisha, nahisi unabonyeza kile kitufe kinachokaliwa na mkono wa simu. Ukikibonyeza kidogo tu, chini ya sekunde moja, boksi linaelewa "mshikilie mteja, nataka kumpigia mwingine". Ukikikandamiza muda mrefu linaelewa umekata simu, basi na mteja kaenda. Kama simu yako ina kitufe kimeandikwa FLASH tumia hicho, chenyewe kinapima muda. Subiri toni, piga namba ya mhasibu, akipokea mwambie nani yuko kwenye laini, alafu ndo uweke chini.

Umeme sasa. Mashine nyingi zina swichi ndani ambayo umeme ukizima inaachia yenyewe na kuunganisha laini ya kwanza moja kwa moja na ekstensheni moja, na simu hiyo inaendelea kufanya kazi kwa sababu umeme wake unatoka kwenye betri za kampuni ya simu, volti 48 zinazosafiri ndani ya waya wa laini. Aliyefunga boksi lenu nafasi hiyo akaipeleka stoo, labda alikuwa anajaribia simu pale akasahau. Mwite fundi abadilishane jozi mbili kwenye Krone, ya stoo iende mapokezi, na kwenye programu ya boksi abadilishe namba za ndani zisichanganyike. Hapo mezani kwako iwepo simu ya kawaida ya waya mbili, ile kubwa yenye taa na skrini inategemea umeme wa boksi, giza likiingia nayo inazima. Ni kazi ya chini ya saa moja, na mkae mbali na hizo waya siku ya radi.